Kariakoo na Kioo Kisichochomwa

Kariakoo, Dar es Salaam, inajulikana kwa kuuza shanga za kioo, si kwa kuzichoma. Za kiunoni, za shingoni na za kupamba nguo hufika zikiwa tayari. Mteja huchagua rangi, mtungaji akazitia uzi. Kwa kuwa tanuri halionekani, wapo wanaosema watu wa pwani hawakuwahi kuweza kuyeyusha kioo, wakabaki wanunuzi wa vya wenzao. Naona wamekosea sababu. Moto ulikuwepo: mfinyanzi anayechoma vyungu kwa kuni uwanjani hufikia nyuzi 700 na zaidi, joto la kutosha kukilainisha kioo. Kilichozuia ni hesabu. Katika biashara iliyoulea mwambao huu, ushanga ulikuwa fedha. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeingia bara mwaka 1857, alikuta una majina yake, kama samesame nyekundu, na una vipimo: kete (nyuzi za shanga) 10 zilifanya fundo. Nyingi zilitoka Venice. Msafiri Henry Morton Stanley naye, mwaka 1871, alionywa kwamba nyeusi zinazopokelewa Ugogo hazina thamani kwingine. Mtu aliyeunganisha rangi mbili motoni akapata ua zuri angekuwa ameharibu kitu kinachohesabika, akabaki na kisichojulikana kwa mpokeaji yeyote njiani.

Atakayepinga ana hoja nzito mkononi. Huko K2, makazi ya kale katika bonde la Limpopo, kusini mwa Afrika, takriban miaka 1,000 iliyopita, mafundi waliyeyusha shanga ndogo za kutoka ng'ambo ndani ya kalibu za udongo, wakapata shanga nene za umbo la pipa. Kwa nini wao waweze? Ninavyoona, mfano huo unaunga mkono hoja yangu. K2 ilikuwa mbali na bandari, na ushanga mnene uliotengenezwa pale ulikuwa na heshima yake palepale. Haukulazimika kupita mikononi mwa wageni kumi wenye rangi zao kumi. Njia za misafara ya karne ya 19 zilidai kinyume chake: punje zifanane, leo na kesho.

Lakini rupia zilipoenea enzi ya Wajerumani, ushanga ukaacha kuwa fedha, na wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, walipoiachia Kariakoo jina lake, ulikuwa umeshakuwa pambo. Mbona tanuri halikuwashwa hapo? Kwa sababu sanaa ilikuwa imeshajipatia makao kwenye uzi. Kungwi anayemfunda mwali anahitaji punje ndogo, sawa, nyepesi kiunoni; kipande kizito kilichochomwa kingemkera mvaaji. Kutunga ni ufundi kamili, na ni dhuluma kuuita uchuuzi. Hata hivyo sababu ya zamani ya kuuogopa moto haipo tena. Arusha, karakana ya Shanga, iliyoanza mwaka 2007 na kuajiri watu wenye ulemavu, inatengeneza shanga na vyombo kutokana na chupa kuukuu. Dar es Salaam ina malighafi karibu zaidi: kiwanda cha Kioo Limited kipo Chang'ombe. Na hapo jiji lina bahati ambayo fundi yeyote wa tanuri ataithamini, maana vioo vya asili tofauti vikiunganishwa huweza kupasuka vinapopoa, ilhali vipande vya chupa za aina moja, kutoka kiwanda kimoja, hutanuka na kusinyaa pamoja, vikipozwa polepole haviachani.