Vitiligo: Je, damu inaonyesha kama mabaka yanaenea?

Huku kwetu Tshopo, kuanzia Basoko hadi Kisangani, mtu mwenye mabaka meupe huweza kutengwa kwa kudhaniwa ana ukoma. Vitiligo si ukoma, wala haiambukizi. Kinga ya mwili hushambulia seli zinazoipa ngozi rangi. Baka lake ni jeupe kama chaki, na likiguswa mtu anahisi. Doa la ukoma halipotezi rangi yote, na mara nyingi huwa limekufa ganzi.

Swali gumu ni hili: ugonjwa unaendelea au umetulia? Ukiendelea, daktari hujitahidi kwanza kuusimamisha.

Watafiti wamelitafuta jibu katika damu. Seli za kinga zinazoshambulia ngozi hutoa interferoni gama, nayo huifanya ngozi itoe protini iitwayo CXCL10, ambayo huita seli nyingine za kinga zije. Katika tafiti, protini hiyo imeonekana kuwa juu kwa wagonjwa ambao mabaka yao yanaenea, na kushuka baada ya matibabu. Nyingine iliyochunguzwa ni S100B, inayotoka katika seli za rangi zinapoumia. Lakini hakuna kiwango kilichokubaliwa cha kumpima mgonjwa mmoja mmoja. Tena CXCL10 hupanda pia kwa malaria na kifua kikuu. Basi kwa mtu wa Basoko namba hiyo peke yake ingetuambia nini? Kwa sasa hatuoni sababu ya familia kuuza mali ili kuitafuta.

Jicho bado linashinda. Mambo ya Walawi 13 humwagiza kuhani atazame, angoje siku saba, atazame tena. Na aya ya 39 humtangaza kuwa safi mwenye vipele vyeupe hafifu. Wengi husoma sura hiyo bila kufika hapo. Leo simu inasaidia: piga picha ya baka kila baada ya miezi mitatu, mahali penye mwanga uleule, ukiweka rula kando. Vidoa vidogo vingi kama vilivyonyunyizwa, au weupe mpya pale ngozi ilipokwaruzwa, ni dalili kwamba ugonjwa unaendelea.

Kipimo cha damu kinachofaa kulipiwa ni TSH, kwa sababu vitiligo mara nyingi huandamana na ugonjwa wa tezi ya thairoidi iliyo shingoni, nao una dawa.