Fedha Zenye Vina: Habari za Sarafu za Kilwa

Mtu afikaye Kilwa Kisiwani mvua kubwa zikiisha, akapita pwani karibu na magofu huku ameinamisha kichwa, huenda akaona kipande kidogo cha shaba, chembamba, kimegeuka rangi ya majani kwa kutu. Asiyejua hukipita kama takataka. Walakini hiyo ni fedha iliyofuliwa na wafalme wa mji ule, zamani kabla ya Wareno kuivuka bahari ya Hindi.

Fedha za nchi nyingi za Kiislamu za zamani hizo ziliandikwa mwaka na jina la mji zilikofuliwa. Hizi za Kilwa hazina mwaka, wala mji, wala thamani. Zina kitu kingine, nacho ni vina. Tutwae fedha ya mfalme Ali bin al-Hasan. Upande mmoja lipo jina lake. Upande wa pili pana maneno ya Kiarabu, maana yake ni kwamba amemtumaini Bwana mwenye fadhila. Na neno la mwisho huishia kwa sauti ya “an,” sawasawa na jina Hasan. Basi mwenye kuishika hakuweza kuitimiza sentensi mpaka aigeuze, na alipoigeuza kina kikatimia. Wafalme waliokuja baadaye waliishika desturi hiyo. Naona si ajabu kuwa jambo hili lilipendeza katika pwani yetu, ambako hata leo shairi lisilo na vina halina wasikilizaji wengi.

Huyo Ali alikuwa nani? Tarihi ya Kilwa, iliyoandikwa katika karne ya 16, yasema kuwa mfalme wa kwanza, mwana wa Hasan, alitoka Shirazi, akakinunua kisiwa kwa mwenyeji wake kwa nguo nyingi, hata zikaweza kukizunguka kisiwa chote. Hadithi nzuri, na tarihi haikosi hesabu za miaka. Lakini wataalamu hawakukubaliana nazo. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, aliona kuwa ufalme huo wa Washirazi haukuanza kabla ya mwisho wa karne ya 12. Fedha zenyewe zingalikata shauri, kama zingalikuwa na mwaka. Hazikuwa nao.

Jawabu lilitoka Pemba. Mwaka 1984, pale Mtambwe Mkuu, yalichimbuliwa mafungu ya fedha yaliyokuwa yamezikwa pamoja: vipande zaidi ya 2,000 vya fedha halisi, vidogo mno, vyenye majina ya wafalme na vina kwa mtindo ule ule. Jina la Ali bin al-Hasan lilikuwamo. Tena kati yake zilikuwamo dinari chache za dhahabu zilizotoka ng'ambo, na hizo ziliandikwa miaka yake. Ya mwisho ni ya 1066. Kwa hiyo wengi sasa husadiki kuwa Ali bin al-Hasan alikwisha kufua fedha katika karne ya 11, yaani miaka mia na zaidi kabla ya ile aliyoidhani Chittick. Mtu aliyezika mali yake, pengine kwa kuogopa adui, akashindwa kurudi kuichukua, ametutengenezea tarihi bila kukusudia.

Fedha hizi zilisafiri. Mmoja wa wafalme waliofuata alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Msafiri huyo aeleza kuwa watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake; maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akazivua, akampa. Kipande cha shaba chenye jina la mfalme huyo kimeokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu, zaidi ya maili 900 kutoka Kilwa. Dhahabu ya nchi ile ilishuka Sofala, ikapita mikononi mwa watu wa Kilwa; lakini shaba ya Kilwa kupanda hata bara ile ni jambo la nadra.

Ajabu kuliko hiyo ni ya Australia. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari mmoja aliyekuwa akilinda visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile, alikwenda kuvua samaki akaona fedha tisa mchangani. Akazitia katika mkebe, zikakaa humo miaka mingi. Hata mwaka 1979 alipozipeleka zikaangaliwe, ikajulikana kuwa nne ni za Waholanzi, na tano ni za Kilwa.

Zilifikaje? Wengine hudhani zilichukuliwa na mabaharia wa Kireno, wengine na wafanya biashara wa visiwa vya Indonesia, na kila mmoja ana hoja zake. Shida ni kwamba zile za Mtambwe ziliondolewa udongoni na watu waliopima na kuandika kila kitu kilipolala, ilhali hizi ziliokotwa juu ya mchanga, na vita vikiendelea. Zile nne za Waholanzi zina alama ya Kampuni yao ya Mashariki na mwaka, basi mtu huzisoma mara moja. Zile tano zina jina la mfalme upande mmoja, na kina chake upande wa pili.