Uwakili wa umma kwa wahamiaji (Marekani)

Uwakili wa umma kwa wahamiaji ni utaratibu wa jiji, jimbo au serikali kumlipia wakili mhamiaji asiye na uwezo anayekabiliwa na kesi ya kufukuzwa nchini. Nchini Marekani mfano wake mashuhuri ulianza New York mnamo Novemba 2013, kwa dola 500,000 za majaribio zilizotengwa na Baraza la Jiji.

Tangu hukumu ya Gideon dhidi ya Wainwright ya 1963, mshtakiwa maskini wa jinai hupewa wakili. Kesi ya kufukuzwa nchini, hata hivyo, huhesabiwa kuwa ya madai: mhamiaji anaruhusiwa wakili, ila serikali haimlipii. Mtu aliyelea watoto wake Marekani hujitetea peke yake mbele ya jaji aliyeajiriwa na Wizara ya Sheria, huku serikali ikiwa na wakili wake. Hata watoto wadogo hufikishwa mahakamani hivyo. Anayepokonywa kazi, makazi na familia ameadhibiwa, sheria iseme isemavyo.

Aliyelivalia njuga suala hili ni Jaji Robert Katzmann wa Mahakama ya Rufani. Kikundi alichokiunda kilibaini mwaka 2011 kwamba, New York, waliozuiliwa bila wakili walifanikiwa kwa asilimia 3 tu. Waliokuwa nje ya kizuizi na wenye wakili, asilimia 74.

Majaribio hayo ya 2013 yalifanyika katika mahakama ya uhamiaji ya Varick Street, kwa mawakili wa Bronx Defenders na Brooklyn Defender Services. Kipimo kilikuwa kipato. Kesi ngumu hazikuachwa ili takwimu zipendeze, na hapo ndipo ubora wa mpango ulipo. Wakili huomba dhamana, husaka vyeti na mashahidi, na pengine hugundua haki ambayo mteja hakujua anayo: hifadhi ya ukimbizi, viza ya mwathirika wa uhalifu, au uraia uliotokana na mzazi. Taasisi ya utafiti ya Vera ilikadiria mwaka 2017 kwamba mafanikio yalipanda kutoka asilimia 4 hadi 48.

Mwaka huohuo Meya Bill de Blasio alitaka waliowahi kutiwa hatiani kwa makosa mazito wanyimwe huduma hiyo. Baraza lilipinga, na lilikuwa sahihi, kwani hao ndio wenye kesi ngumu zaidi. Jimbo la New York nalo likagharimia mawakili wa waliozuiliwa nje ya jiji. Hata hivyo, huduma hii si haki ya kikatiba: huishi kwa bajeti, na bajeti ikikatwa, mhamiaji hurudi kusimama peke yake.