Uchavushaji wa maboga

Uchavushaji wa maboga ni kuhamishwa kwa chavua kutoka ua dume kwenda ua jike la mimea ya jenasi Cucurbita, ambayo asili yake ni bara la Amerika. Siku hizi mimea hiyo hulimwa sehemu nyingi za dunia, zikiwemo bustani za nyumbani za Afrika ya Mashariki, ambako majani yake pia huliwa kama mboga. Uchavushaji usipotosha, matunda machanga hugeuka manjano, huoza kuanzia nchani na kudondoka.

Maua

Mmea mmoja huwa na maua ya aina mbili. Ua dume lina kikonyo chembamba na kirefu, na ndani yake mna stameni zilizoungana. Ua jike lina kikonyo kifupi, na chini ya petali zake kuna ovari inayofanana na boga dogo. Kwa kawaida maua dume hutangulia kuchanua kwa siku kadhaa, kwa hiyo kudondoka kwa maua ya kwanza si dalili ya ugonjwa.

Kila ua huchanua alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri au karibu na wakati huo, wala halifunguki tena. Chavua ni nzito na yenye kunata. Haipeperushwi na upepo bali hubebwa na wadudu, hasa nyuki.

Sababu za kushindwa

* Nyuki ni wachache, au hawaruki kwa sababu ya mvua na baridi ya asubuhi.
* Viuawadudu vimepuliziwa wakati maua yamefunguka.
* Joto ni kali, hivyo chavua hudhoofika na maua jike hupungua.
* Mbolea ya nitrojeni imezidi, na mmea unatoa majani mengi kuliko maua.
* Maua dume yote yamechumwa ili kupikwa.

Kila mbegu huhitaji chembe yake ya chavua. Chavua ikifika kidogo, tunda linaweza kubaki, lakini huwa dogo au lililopinda, na mbegu zake ni chache.

Kuchavusha kwa mkono

Asubuhi mapema mkulima huchuma ua dume lililochanua siku hiyo, huondoa petali, kisha hupaka chavua kwenye sehemu zote za stigma ya ua jike. Brashi ndogo laini pia hutumika. Ovari ikiendelea kukua baada ya siku chache, uchavushaji umefaulu.

Kwa maboga, njia hii hufanyika asubuhi. Maua meupe ya mmea wa vibuyu (Lagenaria siceraria) hufunguka jioni, kwa hiyo huchavushwa wakati huo.

Kuchanganyika kwa aina

Chavua ya aina nyingine ya spishi ileile haibadilishi ladha ya boga linalokua. Mabadiliko huonekana katika mimea itakayoota kutokana na mbegu zake. Anayetaka kuhifadhi mbegu hufunga ua jike kwa uzi jioni kabla halijachanua, hulichavusha asubuhi kwa mkono, kisha hulifunga tena.