Kumbe Barua Ilibaki Japani: Historia ya Eabegi za Takata na Ndinga Zetu za Masumbwe

Wadau, siku hizi mtu akivuta ndinga kitu cha kwanza ni picha. Kasimama pembeni ya Vitz, funguo mkononi, chini kaandika "Mungu fundi". Washkaji wanapongeza, wengine wanaomba lifti, maisha yanasonga. Hakuna anayeuliza swali moja tu: hili gari, huko lilikotoka, liliwahi kuitwa kiwandani likarekebishwe? Na kama liliitwa, lilikwenda?

Swali hilo lina historia yake, na ni historia nzito. Ndani yake kuna mhandisi aliyeonya mapema, kuna binti wa miaka 18, kuna mama mjamzito, na kuna mwanamke aliyeandikiwa barua akiwa ameshazikwa. Majina yao tunayaacha, familia zao zimeshaumia vya kutosha. Jina la kampuni ndo hatulifichi: Takata.

Kutoka kwenye vitambaa mpaka kwenye usukani

Takata ilianzishwa Japani mwaka 1933. Ilikuwa ni kampuni ya vitambaa tu, baadaye ikaingia kwenye kamba za parachuti. Miaka ya 1960 ikahamia kwenye mikanda ya magari, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaanza kutengeneza eabegi, ile mifuko ya hewa inayokaa katikati ya usukani na ndani ya dashibodi. Kwa hiyo hawa jamaa hawakuwa wababaishaji. Biashara yao yote ilikuwa kuokoa uhai, na walikuja kuwa miongoni mwa wakubwa kabisa duniani kwenye kazi hiyo.

Sasa eabegi inafanyaje kazi? Watu wengi wanadhani kuna hewa imejazwa mle ndani inasubiri. Hapana. Kuna kikopo cha chuma chenye vidonge vya kemikali. Gari likigonga, sensa inatuma umeme, vidonge vinawaka, vinatoa gesi, mfuko unajaa. Yote hayo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kabla hata hujamaliza kupiga kelele. Kwa lugha nyepesi, ni mlipuko mdogo uliofungwa kamba. Ukifungwa vizuri unakuokoa.

Karibu na mwaka 2000 Takata wakabadilisha dawa ya kwenye vidonge. Walichukua amoniamu naitreti, ambayo ilikuwa rahisi kwa bei kuliko ile waliyokuwa wakiitumia. Na hapa ndugu zangu wa Geita na Shinyanga naomba mtulie, maana hiki kitu mnakijua, hata kama hamjawahi kukiita kwa jina hilo. Kimo kwenye mbolea ya CAN ambayo mkulima wa mahindi anaibeba begani. Na ndicho msingi wa baruti za kupasulia miamba kwenye migodi mikubwa. Yaani dawa ya ukoo uleule unaopasua jiwe la dhahabu iliwekwa sentimita chache kutoka kifuani kwa dereva.

Mkulima yeyote atakwambia tabia ya mbolea hiyo. Ukiacha mfuko wazi msimu wa mvua, inanyonya unyevu, inashikana mabonge, baadaye inamomonyoka. Vidonge vya Takata vilikuwa na ugonjwa uleule. Joto la mchana, baridi ya usiku, unyevu, mwaka baada ya mwaka, vinachakaa na kuwa unga. Unga unawaka haraka kuliko kidonge kizima. Siku ya ajali gesi inatoka kwa kasi iliyopitiliza, kikopo cha chuma kinapasuka, na vipande vyake vinaruka kuelekea usoni na shingoni mwa aliyekaa mbele.

Mhandisi mmoja aliyekuwa ndani ya kampuni alikuja kusimulia miaka ya baadaye kwamba alipinga dawa hiyo tangu mwanzo, akasema watu watakufa. Hawakumsikiliza.

Watu wenyewe

Mwaka 2004, huko Alabama, Marekani, eabegi ya Honda ilipasuka na kumjeruhi dereva. Wito wa kwanza wa kurudisha magari ulitoka Novemba 2008, miaka minne baadaye, na ulihusu magari ya Honda kama 4,000 hivi. Kwa dunia nzima hiyo ni sawa na tone.

Mei 2009, binti wa miaka 18 huko Oklahoma alikwenda kumchukua mdogo wake mazoezini. Kwenye maegesho akagongana na gari lingine, mgongano wa kawaida kabisa, wa kushuka na kulaumiana kidogo halafu mnapeana namba za simu. Eabegi ikafunguka, chuma kikamkata shingoni. Alifariki. Gari lake lilikuwa Honda Accord ya mwaka 2001 na halikuwemo kwenye wito wa kwanza. Liliongezwa baadaye.

Septemba 2014, Florida, mwanamke mwingine alipata ajali. Polisi walipoona majeraha ya shingo wakadhani kachomwa kisu, wakaanza kumtafuta muuaji. Muuaji alikuwa kwenye usukani. Siku chache baada ya kifo chake, barua ikaingia nyumbani: tafadhali lete gari lako tubadilishe eabegi.

Mwaka huohuo Malaysia, mama mjamzito alifariki kwa namna hiyohiyo, na mtoto wake hakupona. Malaysia ni nchi ya joto na mvua, usukani kulia, magari ya Kijapani kila kona. Picha hiyo haifanani na kwetu?

Miaka ya kusubiri

Wengi wanaisimulia habari hii kama ya kampuni mbaya iliyokamatwa. Ni kweli. Mei 2015 Takata walikiri kasoro, na Marekani peke yake wito ukafika magari karibu milioni 34, baadaye ukapanda mpaka mifuko kama milioni 67. Dunia nzima ilivuka milioni 100. Januari 2017 kampuni ilikubali kukiri kosa la udanganyifu na kulipa dola bilioni 1, na Juni mwaka huo ikafilisika.

Kilichowatesa wenye magari zaidi ni foleni. Ukiita mamilioni ya magari kwa mpigo, vipuri unavitoa wapi? Viwanda havikuwa na uwezo huo. Mtu anapokea barua inayosema gari lako ni hatari, anapiga simu gereji ya kampuni, anaambiwa vifaa bado, tutakupigia. Anasubiri miezi, na katika miezi hiyo kazini lazima aende, watoto lazima wafike shule, na gari ndilo hilohilo.

Oktoba 2014 Toyota huko Marekani walifika mahali pa kusema kwamba kama kipuri hakipo, wataizima eabegi ya abiria na kuweka onyo kwamba kiti kile kisikaliwe. Fikiria umenunua gari la watu watano, sasa linabeba wanne kwa amri. Na kuna waliobadilishiwa kikopo kibovu kwa kingine cha aina ileile, ila kipya, ili wapate muda. Yaani walirudishwa kwenye foleni wakiwa na tiketi ndefu zaidi.

Usidhani yameisha. Juni 2025, huko Reims, Ufaransa, mwanamke mwingine alifariki kwenye Citroën C3 yenye eabegi ya Takata. Wenye magari wengi waliambiwa wayaegeshe kabisa, halafu wakaanza kuhesabu wiki za kusubiri kipuri.

Sasa Masumbwe inaingiaje?

Masumbwe iko kwenye barabara kuu inayotoka Kahama kwenda Ushirombo mpaka mpaka wa Rusumo. Kabla ya mkoa wa Geita kuzaliwa mwaka 2012 ilikuwa Shinyanga, na ni nchi ya Wasumbwa, watu waliokuwa wakifanya biashara ya misafara mpaka Katanga tangu karne ya 19. Mali kutoka mbali si jambo geni hapa.

Bajeti ya mwaka 1984 ilimruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa, kisha ikaja enzi ya Mzee Ruksa, na mlango wa magari yaliyotumika ukafunguka. Kwa kuwa sisi na Wajapani wote tunaendesha kushoto, usukani kulia, magari yao yakawa kama yametengenezwa kwa ajili yetu. Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Ukiweka na hela za maduara ya wachimbaji wadogo, kanda ikapata mkwanja wa kuagiza. Tazama hiyo miaka vizuri. Ndiyo miaka ileile Takata walianza kufunga vile vikopo.

Mwaka 2015 Toyota waliita Corolla na Vitz nyingi zilizotengenezwa kati ya 2003 na 2007. Ndizo hizi ambazo kwetu tunaziita gari la kuanzia maisha. Nissan X-Trail na Honda Fit nazo zilikuwa na matoleo yaliyoitwa. Haina maana kila gari la jina hilo ni bovu. Kuna yaliyorekebishwa hukohuko kabla ya kupanda meli, na Japani tangu Mei 2018 magari ya kundi la hatari yasiyorekebishwa yakawa hayapiti ukaguzi wa lazima. Tatizo ni lile lililotoka kabla.

Wito wa kurudisha gari unafuata anwani. Mwenye gari wa kwanza anajulikana, anaandikiwa. Gari likiuzwa mnadani, likapakiwa Yokohama, likashushwa Dar, likauzwa yadi, dalali akaliuza Kahama, na bosi wa duara akalinunua Masumbwe, barua inabaki kwenye boksi la posta la mzee mmoja Japani ambaye hata halikumbuki. Mmarekani alilalamika kwamba amesubiri mwaka mzima. Ndugu yetu wa Masumbwe hasubiri chochote, kwa sababu hajui kama kuna cha kusubiri. Huo ndo ucheleweshaji mrefu kuliko wote.

Ukaguzi wa kawaida hausaidii sana hapo. Breki zinaonekana, taa zinaonekana, tairi zinaonekana. Kikopo kilichofungwa ndani ya usukani hakionekani kwa macho, na taa ya eabegi kwenye dashibodi haiwezi kukwambia kwamba vidonge vimekuwa unga. Mbaya zaidi, kuna mafundi wa mtaani ambao taa hiyo ikiwaka wanaizima tu, mteja anaondoka anacheka.

Ufanye nini

Chukua kadi ya gari, soma namba ya chesisi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba fupi, yenye herufi za modeli, kistari, kisha tarakimu. Ndiyo maana ukiiingiza kwenye tovuti za Marekani inakataa, watu wanakata tamaa na kusema gari langu halimo. Tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyotengeneza gari lako ina sehemu ya kuingiza namba hiyo. Lugha ni ya kwao, lakini simu yako inatafsiri. Itakwambia kama gari liliitwa na kama kazi ilifanyika.

Kama bado hujanunua, fanya hivyo kabla hujatuma hela. Muuzaji makini hakasiriki ukimwomba namba ya chesisi. Anayekasirika kakujibu tayari.

Ukikuta gari lako limo na halijarekebishwa, wasiliana na wakala rasmi wa kampuni hiyo nchini, kwa maandishi, utunze nakala. Ukizungushwa, Tume ya Ushindani, FCC, ina jukumu la kumlinda mlaji. Kutoka Masumbwe mpaka Dar ni kama kilomita 1,000 na ushee, kwa hiyo ulizia kwanza kama kipuri kipo kabla hujafunga safari. Wakati unasubiri, kiti cha mbele cha abiria kisikaliwe kama upande huo ndio uliotajwa, na ukiwa na gari lingine tumia hilo. Usimpe fundi wa chini ya mwembe afungue usukani kwa bisibisi, mle ndani kuna baruti. Na tafadhali usihitimishe kwamba eabegi hazifai. Zimeokoa watu wengi sana duniani, na mkanda unabaki palepale.

Kanda hii tuna desturi nzuri: gari jipya likifika, anayepandishwa kwanza ni mama, na anakaa mbele. Kabla hujamfungulia mlango, ingiza ile namba. Ni dakika tano.