Stima Yetu Ilianza na Jenereta ya Mtumba

Wadau, leo niacheni nipige historia kidogo. Mtaona mbele mbona inaniuma.

Ukiuliza vijana wenzangu wa Mombasa stima ilitoka wapi, wengi watakwambia bara, kwenye mabwawa ya Mto Tana. Hapana. Ilikuja na bahari. Kenya Power wenyewe huanzia historia yao 1875, pale Sultani Barghash wa Unguja alipopata jenereta ya kumulikia jumba lake na njia za karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa hapa kwetu, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akaichukua, ikahamia kwa Mombasa Electric Power and Lighting Company, iliyoundwa mwaka huo huo. Piga hesabu: miaka 33. Mtumba kabisa!

Mwaka 1922 kampuni ile ikaungana na ya Nairobi, ikawa East African Power and Lighting. 1983 jina likageuka kuwa Kenya Power and Lighting. Nchi ikafungwa kwa waya mmoja, na hapo tukapata faida na hasara pamoja: mmoja akikohoa, wote tunazimika. Juni 2016 tumbili alianguka juu ya transfoma kule Gitaru, Kenya nzima ikawa giza. Tulicheka wee.

Mimi niliacha kucheka usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023. Nilikuwa kwenye chumba changu cha kazi Mkanyageni, kompyuta inahamisha video za harusi kwenye diski. Stima ikapotea, nchi nzima tena. UPS ikaanza kulia. Sikushtuka, jenereta si ninayo? Niliinunua mtumba, bei poa, nikaiweka uani. Nikabonyeza swichi: tik. Nikabonyeza tena: tik. Betri ilikuwa imekufa, vichwa vyake vimeota unga mweupe wa chumvi. Dakika kumi, UPS nayo ikanyamaza. Diski iliharibika katikati ya kazi, na video moja haikurudi. Ndani yake kulikuwa na dua ya nyanya wa bibi harusi. Pesa nilirudisha. Ile dua nitairudisha vipi?

Usiku uo huo, uwanja wa ndege wa JKIA abiria walikaa gizani kwa sababu jenereta nayo ilikataa kuwaka. Waziri akaomba radhi. Nikajua ugonjwa si wangu peke yangu. Sisi hununua jenereta kama hirizi: tukishaining'iniza, basi, tumekingwa.

Fundi mmoja mzee wa Kibokoni alipokuja kuitazama aliniambia, "Mwanangu, hii ni punda. Usipomtembeza, siku ya mzigo hatakwenda." Haya ndiyo niliyojifunza kwake na kwa hasara yangu.

Kwanza, jua mzigo wako. Jumlisha wati za kompyuta, sava, ruta na hasa AC, ambayo huvuta stima nyingi zaidi inapoanza. Jenereta iliyoandikwa kVA 10 kwa kawaida hutoa kilowati 8, si 10. Lakini usinunue jitu pia. Injini ya dizeli ikizoea kubeba chini ya thuluthi ya uwezo wake hujaa masizi.

Pili, jenereta haiwaki papo hapo. Zile sekunde za katikati ni kazi ya UPS, kwa hivyo betri za UPS nazo zina umri wao.

Tatu, iwashe kila mwezi, na uipe mzigo wa kweli, si kuisikiliza ikinguruma dakika mbili. Kagua betri, oili, chujio, na maji kwenye dizeli. Hewa yetu ya chumvi haisamehi.

Nne, vichochoro vyetu vya Mji wa Kale ni vyembamba, madirisha yanatazamana. Moshi wake unaua bila kunuka sana. Usiwashe ndani, wala usimwelekezee jirani.

Watu husema tukipata stima ya uhakika haya yote yataisha. Mimi sikubali. Kipevu pale, ng'ambo ya Makupa, mitambo ya dizeli ingali inafanya kazi. Nayo ni jenereta tu, ila kubwa, na ina mafundi usiku na mchana. Tofauti yake na yangu haikuwa ukubwa. Ilikuwa fundi.

Wewe yako uliiwasha lini mara ya mwisho? Usinijibu. Nenda uani kwanza.