Mshipa wa Shingo: Historia ya Neno Lenye Mzigo

Makala haya yanahusu neno mshipa, na hasa mshipa wa shingo. Tunaanzia Kibuli, Kampala, kwa kuwa pale elimu mbili za shingo zimekaa kilima kimoja: ya msikitini na ya hospitalini. Mwanamfalme Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu wa Buganda, alihamishiwa Zanzibar mwaka 1893 akarejeshwa 1895. Mwanawe, Badru Kakungulu, ndiye aliyetoa ardhi ya msikiti uliofunguliwa mwaka 1951. Hospitali ya Waislamu nayo iko papo hapo kilimani.

Elimu ya msikitini ndiyo kongwe. Fiqhi inataja wadajaini, mishipa miwili ya pande za shingo. Katika madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi Afrika Mashariki, mchinjaji hulazimika kukata koo la pumzi na umio. Kukata wadajaini ni sunna. Kurani pia, sura ya Qaf, aya ya 16, inataja waridi, mshipa wa shingo, katika kueleza ukaribu wa Mungu na mja. Matabibu wa Kiarabu hutofautisha: waridi hurudisha damu moyoni, shiriani huitoa. Kiswahili, pamoja na kukopa kwake kote, hakikuzoea maneno haya. Waridi letu ni ua! Mshipa ukaachiwa kazi zote.

Huko Ugiriki ya kale nako hakukuwa na utulivu. Neno ateri lilitokana na dhana kwamba mishipa hiyo hubeba hewa, na karotidi ni kutokana na neno la usingizi mzito, kwa kudhani kuwa ukiibana mtu hulala. Katika karne ya 2 tabibu Galen alipinga yote mawili. Aidha, alionyesha kwamba nguruwe anayelia hunyamaza ghafla neva fulani za shingoni zikifungwa.

Hapo ndipo penye hatari. Tezi ya thairoidi, ambayo ikivimba huitwa rovu, hulishwa kila upande na ateri mbili. Ya juu ni tawi la kwanza la karotidi ya nje, nayo hushuka hadi ncha ya juu ya tezi. Ya chini hutokana na shina dogo la ateri iliyo chini ya mtulinga, hupanda, kisha hupinda nyuma ya karotidi kuingia tezini. Kila moja ina neva ya sauti jirani yake. Ile ya juu ikiumia, mgonjwa hushindwa kupandisha sauti; ya chini ikiumia, sauti hukwaruza. Theodor Kocher wa Uswisi, aliyetunukiwa Nobeli mwaka 1909, alipata sifa kwa kufunga ateri hizo kwa uangalifu, damu isimwagike ovyo.

Sasa turudi kwenye neno letu. Ateri ni mshipa, vena ni mshipa, neva ni mshipa wa fahamu, na pwani mtu "mwenye mshipa" huenda anaugua ngiri maji. Vitabu vya sayansi vya shule za msingi Tanzania vimeshazoesha ateri, vena na neva. Uganda, ambako Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, mfasiri wa wodini bado husikia mshipa tu. Mgonjwa aliyepasuliwa rovu akiambiwa mshipa umeguswa, itambidi aulize: wa damu, au wa sauti?